Tangi Langu Litapona Lenyewe

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Tangi linavuja. Jana tulilijaza mpaka juu. Leo asubuhi maji yamepungua shubiri nzima na ukuta wa nje umelowa. Nyufa nyembamba kama unywele. Nimezihesabu: kumi na moja. Nimemwambia Eufrazia kwamba ni jasho. Amesema amezaliwa hapa Bigwa, amekulia hapa Bigwa, na hajapata kuona tangi lenye homa.

Niandike mambo yalivyo. Huyu ni mke, hii ni shajara, na mmoja kati yao lazima aambiwe ukweli. Nilikuwa karani wa stoo kiwandani. Kiwanda kikabinafsishwa, nikapunguzwa pamoja na wenzangu mia mbili na redio ya ofisi. Tangu hapo naishi kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu, katika nyumba ya mke wangu, na nakula kwa togwa anayouza mke wangu. Ardhi ya Waluguru inafuata upande wa mama. Mume ni mtu aliyekaribishwa. Mtaani wananiita Eustace wa Eufrazia. Linaniuma jina hilo. Watoto wa shule nao wanalitumia, tena baada ya kuniamkia shikamoo.

Sasa Mjomba Mikaeli, kaka wa marehemu mama mkwe na mkubwa wa lukolo, yaani ukoo wote, ana kiwanja barabarani pale yanapopita malori ya ndizi kutoka mlimani. Ametangaza kwamba ukoo utakapokutana Jumapili ya tarehe 29, atampa mkwe mmoja akitumie kwa biashara. Wakwe tuko wawili: mimi, na mwanyumba wangu Stephano aliyemuoa Josephina, mdogo wake Eufrazia. Atakayeupatia ukoo tangi la maji la kuaminika ndiye mwenye kiwanja. Mimi nimeshajenga la zege, nyuma ya nyumba, refu kunizidi. Stephano anasema bado anatafakari. Stephano hajapata kutafakari tangu nimfahamu.

Bango langu liko tayari: EUSTACE NA WANA, MATANGI YA KISASA. Mtoto ninaye mmoja, Zawadi, naye ni msichana na yuko shule ya bweni. Lakini bango lilikuwa na nafasi. Ni kweli kwamba siku tatu nilizokuwa nikipaka bango rangi ndizo siku tatu ambazo tangi lilitakiwa kumwagiliwa maji lisikauke haraka. Mtu hawezi kuwa mahali pawili.

Jumanne, 3 Septemba

Mungu hamtupi mja wake.

Jirani yetu Dokta Jonathan anafundisha mambo ya udongo Chuo Kikuu. Kila jioni anakuja kunywa togwa kwa Eufrazia. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayemuulizia rafiki, tangi la zege likipata nyufa hutibiwaje. Akachangamka. Akasema huko ng'ambo kuna wataalamu wanajaribu maabara zege linalojiponya lenyewe. Wanachanganya ndani yake vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vimelala kama mbegu, na chakula chao pembeni. Zege likipasuka, maji yanaingia. Vijidudu vinaamka, vinakula, vinatoa chokaa, chokaa inaziba ufa. Basi. Vinalala tena.

Nikasimama. Dokta alikuwa anaendelea, nilisikia kitu kama zege la kawaida, na maji, na subira. Lakini mtu wa biashara hasubiri mwisho wa hotuba. Soko huria hili. Anayekaa kitako anakuta mwenzake ameshauza.

Swali moja tu lilinisumbua njiani, hatua ishirini kutoka benchi la wateja mpaka mlangoni: vijidudu hai nitavitoa wapi Morogoro? Nikaangalia mkononi. Nilikuwa nimeondoka na kikombe cha togwa ya Dokta. Inatoa povu. Kitu kinachotoa povu kina uhai ndani yake, hilo halihitaji shahada.

Alhamisi, 5 Septemba

Kazi kubwa leo. Eufrazia alikwenda kwa Josephina, nami nikafungua bilula nikayamwaga maji yote. Migomba imefurahi. Nikaingia stoo nikachota kimea cha Eufrazia, ule mtama uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ambao ndio unaifanya togwa iwe togwa. Nilikusudia kisado kimoja. Nilichota viwili na nusu. Mjengo mkubwa hauanzwi kwa ubahili.

Mchanganyiko wangu, nauandika kwa ajili ya vizazi: mfuko mmoja wa saruji, mchanga ndoo sita, kimea visado viwili na nusu, na sukari kilo moja ili vijidudu visiamke na njaa. Nikaingia ndani ya tangi kwa ngazi nikapiga ripu mpya ukuta mzima. Inanukia vizuri sana. Karibu nilambe mwiko.

Dokta alipita akaniuliza kwa nini naimba ndani ya tangi. Nikamwambia ni siri ya kibiashara.

Jumapili, 8 Septemba

Ripu haijashika. Siku tatu sasa. Ukiibonyeza inabonyea kama ugali. Nikaamua kwamba kinachohitajika ni maji ya kuwaamsha wafanyakazi, nikajaza tangi kutoka kwenye mpira wa mlimani. Maji yakawa ya kijivu na kuanza kuchemka bila moto.

Mjomba Mikaeli akaja baada ya misa, bila taarifa, na suti yake ya kaki. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba maji ya kunywa kutoka kwenye tangi la ukoo. Ningemkataliaje? Akanywa. Akakitazama kikombe. Akanywa tena. Akasema alikuja kuona tangi na amekuta kilabu. Halafu akaongeza kikombe cha pili, jambo ambalo kwa maoni yangu lilifuta lile la kwanza.

Kuhusu kuvuja: nyufa zile kumi na moja zinavuja bado, na sasa kuku wanakunywa pale chini. Jogoo amelala mchana kutwa. Josephina ameona yote, kwa hiyo Stephano ameona yote.

Jumanne, 10 Septemba

Siku mbaya. Naigawa katika ubaya wa kwanza na wa pili.

Ubaya wa kwanza. Stephano amekuja na pikapu ya kukodi kutoka Dar es Salaam, na juu yake tangi la plastiki. Jeusi, jipya, linang'aa. Akaliteremsha kwenye uwanja wetu, uwanja wetu, akalipiga kwa kiganja kama mpiga ngoma. Akasema hizi ndizo bidhaa za siku hizi, mwanyumba, halina ufa, halina homa. Akasema akipata kiwanja cha barabarani atayapanga kumi kwa mstari. Nikamjibu kwamba plastiki ni ya watu wasiojua mchanga wa mto wao unafaa nini. Nadhani lilikuwa jibu zuri. Alikuwa ameshaondoka.

Ubaya wa pili. Eufrazia amefungua debe la kimea. Hakupiga kelele. Ni afadhali angepiga. Alisema, polepole, kwamba bila kimea hakuna togwa, na kimea kingine kitachukua siku nane kuota na kukauka, na kwa siku nane hizo wateja wake watahamia kwa Devotha wa ng'ambo ya barabara. Akasema hiyo togwa ninayoichezea ndiyo inayomlipia Zawadi shule. Nikajiona mdogo. Nilitaka kumwambia kwamba yote haya ni kwa ajili yake, kwamba nataka siku moja apite barabarani aone jina la mumewe limeandikwa, lakini maneno yakatoka kama maelezo kuhusu vijidudu.

Akachukua mwiko, akaingia mwenyewe ndani ya tangi, akakwangua ripu yangu yote. Ilitoka kwa urahisi, nakiri. Dokta Jonathan akasaidia kubeba ndoo, akicheka, akisema sukari ni adui wa saruji, inaizuia kushika, na hata fundi mwanafunzi anajua. Sijamuuliza fundi mwanafunzi.

Wakaosha tangi, wakalijaza tena. Eufrazia akaniambia kwamba mkono wangu ukionekana kwenye bilula ile, nitakwenda kulala kwa Stephano.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimegundua kosa. Vijidudu vya togwa ni laini, vimezoea uji. Vya zege vinatakiwa vigumu.

Jioni nilimbana Dokta. Nikamuuliza jambo moja tu: hivyo vya ng'ambo vinatoka sehemu za namna gani? Akasema aghalabu sehemu za magadi na chokaa, maziwa ya magadi, chemchemi za moto, mahali ambapo kiumbe cha kawaida hakiishi. Halafu akanishika bega akasema, Mzee Eustace, sikiliza basi na hili la pili, tangi lako wala halihitaji. Nikamshukuru sana. Nikakimbia kwenda kuulizia lori.

Chemchemi ya moto nani asiyeijua? Iko Kisaki. Huko nyuma ya milima yote, karibu na pori la wanyama. Kama kuna kijidudu kigumu mkoa huu, kinaishi pale.

Nimemuaga Eufrazia. Nilitegemea atanizuia. Ameniuliza nitakaa siku ngapi, nikasema nne, akasema nisiharakishe.

Jumatano, 18 Septemba, Kisaki

Niko Kisaki. Lori lililonileta lilivuka Matombo salama, likashuka mlima salama, likafika hapa na kuvunjika springi mbele ya stesheni ya reli, mahali ambapo hakuna springi. Dereva ameagiza Morogoro. Tunangoja.

Tope nimelipata. Ndoo mbili, la moto kabisa, linanuka kama yai lililosahauliwa. Wenyeji walinisindikiza mpaka chemchemi wakidhani natafuta madini. Walipoona nachota tope walinionea huruma, mmoja akanipa muhogo.

Nakaa kwenye kibanda cha chai cha Mama Saada na ndoo zangu miguuni. Jana akaniuliza ndani mna nini. Nikamwambia ni wafanyakazi wangu. Tangu hapo ananiwekea chai mbali kidogo, nami naifuata.

Leo mchana mbuzi wake amekunywa maji ya juu ya ndoo moja. Nimemwangalia kwa makini mpaka jioni. Hajaganda.

Treni ya Zambia imepita, watu wengi madirishani, kila mtu anakwenda mahali. Mimi nimewaza tangi. Siku kumi na moja tu zimebaki na mimi niko nyuma ya milima nalinda tope. Nilitaka kulia kidogo. Ikapita.

Jumatano, 25 Septemba

Nimerudi. Springi ilikuja juzi. Ndoo ya kwanza ilimwagika Matombo kwenye mikungu ya ndizi ya mama mmoja, ambaye alinieleza kwa Kiluguru mambo ambayo sikuyaelewa na sikuomba tafsiri. Ndoo ya pili ninayo.

Nikashuka barabarani, nikakimbia mpaka nyuma ya nyumba, sikumsalimia mtu. Tangi limejaa. Ukuta mkavu. Nilizunguka mara tatu. Mkavu! Mahali palipokuwa na nyufa sasa pana mistari myeupe, kama mtu amechora kwa chaki. Nikakwangua kwa ukucha. Ukucha ndio uliokwisha.

Niliegemea ukuta ule nikafumba macho. Eufrazia akanikuta hapo.

Ameeleza habari yake, naiandika kwa haki. Anasema Dokta alimwambia lile la pili ambalo mimi silisubiri kamwe. Kwamba hata zege la kawaida lina tabia ya kujiponya, ufa ukiwa mwembamba kama unywele. Ndani ya ukuta zimebaki punje za saruji ambazo hazijapata maji, hazijamaliza kazi yake. Tangi likikaa limejaa, maji yanapita kwenye ufa polepole, punje zinakunywa, zinavimba, chokaa inajikusanya, panazibika. Siku kumi, wiki mbili. Sharti ni moja tu: lisimwagwe, lisikauke, lisiguswe. Basi yeye alilifunika kwa magunia, akawa anayalowesha asubuhi na jioni, na alikuwa anaongezea maji kila yakipungua. Hakuna kingine. Anasema tangi hili lingepona tangu wiki ya kwanza kama lingekuwa na mwenyewe mvivu.

Ni maelezo mazuri kwa mtu asiye na uzoefu. Ukweli uko wazi. Kimea changu kilikuwa kimejificha ndani ya nyufa muda wote na kimechelewa kuamka. Kazi ya magunia ilikuwa kivuli.

Lile tope la Kisaki nimelimwaga kuzunguka msingi, kama posho.

Jumamosi, 28 Septemba

Mjomba Mikaeli amekuja kukagua. Safari hii hakuomba maji. Akaweka kiganja ukutani, akashuka nacho mpaka chini. Akaweka shavu. Akaipita mistari myeupe kwa kidole, mmoja mmoja, kama mtu anayesoma. Akauliza nani amefanya hivi.

Eufrazia akafungua mdomo. Akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akasema, aliyelijenga ni Baba Zawadi.

Mjomba akacheka kidogo. Akasema plastiki ni nzuri, lakini plastiki inanunuliwa na yeyote mwenye pikapu. Ukoo unapenda mtu aliyechafuka mikono. Akaniambia kesho nivae shati safi.

Kesho nivae shati safi! Sikuwa na furaha hii tangu siku nilipokabidhiwa funguo za stoo. Nimelitoa bango chini ya kitanda, nimelifuta vumbi. Nimemshika Eufrazia mkono, naye hakuuondoa. Akasema ana ombi moja. Kesho niamkie wakubwa, nishukuru, nikae chini. Nimeahidi.

Nimeandaa hotuba fupi tu. Kurasa nne.

Jumapili, 29 Septemba

Nitaandika kwa utulivu.

Ukoo ulikuja kama watu sitini, kutoka Bigwa na kutoka juu mlimani. Akina mama walipika pilau hatua chache kutoka kwenye tangi, kwa sababu ya maji kuwa karibu. Mjomba Mikaeli akakaa kwenye kiti cha mbele, suti ya kaki, mgongo kwa tangi langu. Ilikuwa heshima. Nililiona hilo.

Stephano akapewa nafasi kwanza. Akasema machache. Akaliendea tangi lake jeusi, akalipiga ngumi mara tatu, puu, puu, puu, likadunda, watu wakapiga makofi. Watoto wakataka kulipiga nao. Yale makofi yaliniingia vibaya. Yalikuwa marefu.

Ikaja zamu yangu. Nikaamkia wakubwa. Nikashukuru. Eufrazia alikuwa ananitazama, akiniashiria kiti kwa macho. Nikakiona kiti. Naapa nilikiona.

Nikasema, ndugu zangu, lile likipigwa halivunjiki. Sawa. Hilo hata mpira unaweza. Langu likipigwa, linapona. Nikasema wazee walituachia methali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawatangazia kwamba leo methali hiyo nayo imepunguzwa kazi. Watu wakacheka, cheko zuri, Mjomba naye mabega yakamtikisika. Hapo ndipo ningekaa. Lakini cheko ni kitu kibaya kwa mtu aliyezoea kuchekwa vingine.

Nikachukua nyundo.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. Zege zuri, nililijenga mimi. Eufrazia aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hajalifanya tangu Zawadi azaliwe. Pigo la pili lilifanya.

Sikujua kwamba maji yana nguvu kiasi hicho. Yalitoka na kipande cha ukuta ukubwa wa kichwa cha mtu. Yalimchukua Mjomba Mikaeli na kiti chake, yakamfikisha karibu na migomba. Yakazima moto wa pilau. Sufuria kubwa ikaelea, ikazunguka, ikapinduka. Akina mama wakapanda kwenye matofali na khanga zao mkononi. Na lile tope la Kisaki pale kwenye msingi likaamka kweli, likaenea juu ya kila kitu na harufu yake yote.

Mjomba akainuka, suti imekuwa rangi nyingine. Nikaona anasubiri niseme kitu. Nikamwambia anipe wiki mbili.

Jumanne, 1 Oktoba

Hukumu imetoka. Mjomba ameisema akiwa amejifunika blanketi, na kikohozi kidogo.

Kiwanja si changu. Wala si cha Stephano, maana Stephano alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope, na Mjomba alimuona. Amesema ardhi ya lukolo imekuwa kwa wanawake tangu babu wa babu yake, na sasa anaelewa sababu. Kiwanja wamepewa Eufrazia na Josephina. Watajenga banda la togwa.

Halafu jioni, wakati wa kuosha vyombo, Eufrazia akaniambia lile lililobaki. Mjomba alikuwa ameshaamua tangu Jumamosi. Alimwambia alipokuwa anaondoka. Kiwanja kilikuwa changu kabla sijaamka Jumapili. Kilikuwa changu wakati naamkia, wakati nashukuru, na wakati nakitazama kiti. Sikuwa na lolote la kufanya ila kukaa.

Hakusema kwa ukali. Alisema akiwa amenipa mgongo, na mabega yake yalikuwa chini. Aliniambia alitaka sana nikipate. Nimekaa nje mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Eufrazia na Josephina wamemleta fundi wa kweli. Ameziba tundu kwa saa moja: nondo fupi, kokoto, zege, ripu, na niru ya kulainisha juu. Ameacha maagizo. Lifunikwe magunia mabichi siku saba, lisijazwe, lisiguswe.

Kwa siku hizo saba nyumba zote tano za ukoo zinachota kwenye lile la plastiki la Stephano. Ndiyo maji pekee tuliyo nayo; mlimani kumekauka na mpira unatoa upepo. Mjomba ametuma salamu kwamba nimepewa kazi ya kulilinda. Ametuma na maneno ya ziada: ikiwa baada ya siku saba lile la plastiki litakuwa zima na langu litakuwa halijaguswa, atawaomba mabinti wanipe kona ya kiwanja, ya kutosha bango. Eufrazia aliniletea ujumbe huo mbio, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Akaniwekea kiti chini ya kivuli cha tangi. Akasema kazi yangu ni moja: kukaa.

Nimekaa tangu saa mbili asubuhi. Nimekaa vizuri sana. Mpaka saa saba sijagusa kitu.

Lakini mtu akikaa hufikiri. Nimefikiri hivi. Kosa la Jumapili halikuwa wazo, lilikuwa ukubwa wa nyundo. Ufa lazima uwe mwembamba kama unywele, Dokta mwenyewe alisema, na mimi nilitoboa tundu la ukubwa wa kichwa. Sasa zege kujiponya tumeshalithibitisha. Je, plastiki? Hakuna aliyejaribu. Hata huko ng'ambo Dokta hajasikia. Plastiki zinaingia nchini kila siku kwa mamia, na zote zitatoboka siku moja. Atakayejua kuziponya hatahitaji kona ya kiwanja, atanunua barabara. Stephano atakuja mwenyewe kuniamkia.

Nimetumia msumari mdogo kabisa, ule wa fremu za picha. Chini, upande usioonekana, tundu moja tu. Nimeweka kimea kiasi cha kijiko na nimeandika saa: saba na nusu.

Saa tisa. Maji bado yanatoka. Nimeongeza kimea.

Saa kumi na nusu. Yanatoka, na tundu limechanika kidogo, nadhani ni kwa sababu nilikuwa nakisukuma kimea ndani kwa msumari. Maji yameshuka nusu. Wanawake wa nyumba ya juu wanakuja na ndoo, nawaona kwenye njia, Eufrazia yuko mbele yao. Nimesogeza kiti nikakaa mbele ya tundu. Suruali imelowa yote. Nikiulizwa nitasema ni jasho.

Plastiki huenda inachelewa kuamka kuliko zege. Naipa mpaka kesho asubuhi.